Nataka kumleta mama Moshi kwa treni Krismasi hii, nipangeje?

BintiMkuu

Habarini wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaoifahamu vizuri treni ya Dar–Moshi–Arusha, hasa kwa kipindi hiki cha kwenda kuhesabiwa, yaani sisi Wachaga kurudi nyumbani Krismasi.

Mimi naishi Arusha, Sakina. Kwetu ni Rombo, Mkuu. Mama yangu ana miaka 74, na tangu baba afariki anakaa Tabata kwa kaka yangu. Mwaka huu ukoo mzima unakutana nyumbani. Nyumba aliyoianza baba tumeimaliza, na padri amekubali kuja kuibariki tarehe 27 Desemba. Mama ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna namna akosekane.

Tatizo ni magoti na kisukari. Mwaka jana alikuja kwa basi la mchana, amekunja miguu tangu alfajiri. Foleni ya kuanzia Kibaha kwenda Chalinze iliwala muda mrefu, na dereva hakukubali kusimama watu wajisaidie mpaka walipofika Korogwe. Aliposhuka Moshi miguu ilikuwa imevimba viatu haviingii. Sikukuu yote alikuwa kitandani, wenzake wanamletea mtori chumbani huku nje wanakata ndafu. Sitaki jambo hilo lijirudie.

Kaka alipendekeza ndege mpaka KIA. Mama amekataa, anataka treni. Aliolewa mwaka 1973 akashuka Dar kwa reli hiyo hiyo, na mpaka leo anazitaja stesheni kwa mpangilio: Kahe, Same, Makanya, Mombo, Korogwe, Mnyusi. Nilipomwambia kwamba treni ya abiria imerudi alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama bado inapita usiku.

Watakaosafiri ni mama, wifi yangu, na watoto wawili, mmoja ana miaka tisa mwingine mitano. Kaka atafuata tarehe 24 akitoka kazini.

Naomba kujua: wapande daraja lipi? Tiketi zikatwe lini? Washuke Moshi, au waje kwanza kwangu Arusha mama apumzike ndipo twende Rombo pamoja? Na kurudi je, maana watoto wana shule Januari? Halafu kuna jirani ameniambia siku hizi kuna treni ya umeme, niwapandishe hiyo. Ni kweli inafika huku?

---

Mangi wa Kwa Mrombo

Pole kwa yaliyompata mama mwaka jana, dada. Mimi ningekwambia umpandishe basi la usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na usiku foleni ya Chalinze siyo ile ya mchana. Anapanda Mbezi jioni, alfajiri yuko Moshi. Treni inachukua usiku mzima na asubuhi juu yake. Kwa mtu wa magoti ningetafuta njia fupi.

---

MamaNjoro

BintiMkuu mwanangu, mpe mama salamu zangu, mwambie mtoto wa Kahe anamsalimu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli pale Kahe enzi za reli ya Afrika Mashariki, wakati njia ya kutoka Voi kwa upande wa Kenya bado inakutana na yetu pale. Mimi nimekulia kwenye nyumba za reli. Sasa naishi Njoro hapa Moshi, na kila Desemba wanangu na wajukuu wanakuja kwa treni, mimi ndiye ninayewapangia. Nitakujibu kirefu kwa sababu naona unambeba mama moyoni.

Mangi, wewe unahesabu saa. Kwa mzee mwenye magoti ya hivyo, angalia miguu yake iko wapi katika hizo saa. Kwenye basi iko chini, imekunjwa, kuanzia Mbezi mpaka Moshi, iwe usiku iwe mchana. Kwenye behewa la kulala ameinyoosha kitandani. Akichoka kulala anakaa, akichoka kukaa anasimama kwenye korido ameshika dirisha, na choo kiko ndani ya behewa, haombi ruhusa ya dereva. Kwa mtu wa kisukari hilo la choo peke yake linatosha.

Sasa mipango. Wengi wanaanza na Krismasi: sikukuu ni tarehe 25, basi tusafiri 23. Kwa basi utafanikiwa, kwa sababu mabasi yapo kila siku. Treni yetu haitoki kila siku. Ukikosa ya leo, ya kesho haipo. Kwa hiyo anza na treni. Mwambie kaka yako aende stesheni Dar mapema, akuletee siku zote ambazo treni ya kaskazini inatoka kuanzia katikati ya Desemba, na siku inazogeuza kutoka Arusha mpaka katikati ya Januari. Akaulize dirishani mwenyewe, maana ratiba ya mwisho wa mwaka hubadilika. TRC, shirika la reli, wamewahi kuongeza mabehewa na safari za sikukuu, na anayeulizia mapema ndiye anayepata hizo nafasi. Ukishazipata hizo siku, ziandike kwenye karatasi, ndipo upange likizo, mchango, padri na gari la Rombo kuzizunguka.

Ukiiona treni ya mwisho kabla ya Krismasi, iache. Chukua iliyotangulia. Reli hii ni njia moja. Treni mbili zikikaribiana, moja inaingia pembeni stesheni inasubiri mwenzake apite. Treni ya mizigo ikichelewa kutoka Mombo, ya abiria nayo inasubiri, na kule mbele kuna nyingine iliyokuwa inaisubiri yeye. Kuchelewa kwa treni kunajilimbikiza kama deni la dukani. Na Desemba ni vuli bado, mvua ikinyesha sana mabondeni ukaguzi wa njia unachukua muda. Mama akiwa kwenye treni iliyotangulia, kuchelewa hata nusu siku hakumpunguzii kitu. Akiwa kwenye ya mwisho, mkesha wa Krismasi utampata Same.

Kwa sababu hiyo hiyo, siku ya kufika usimpangie mama kitu chochote. Wala kikao, wala fundi wa maturubai anayetaka kuonana naye. Treni inatoka Dar mchana kwenda jioni na kuingia Moshi kesho yake asubuhi, lakini wewe andika kwenye akili yako kwamba siku hiyo yote ni ya treni.

Daraja. La tatu usimweke, ni kukaa usiku kucha, na Desemba watu na mizigo inajaa mpaka njiani. La pili kukaa ni afadhali, lakini bado ni kukaa. Mtafutie la pili kulala. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na wanawake wanawekwa kivyao, wanaume kivyao. Ninyi mko wanne, watatu wakubwa kiasi na mmoja mdogo. Kama mfuko unaruhusu, mchukue chumba kizima kwa kulipia vitanda vyote. Najua ni gharama, lakini ukoo ukichangishana kwa ajili ya mama mtaweza, na watu wa kwetu kwa michango hawashindwi. Mkichukua chumba kizima mnafunga mlango kwa ndani, watoto wanalala juu, wifi katikati, mama chini. Kitanda cha chini kisemwe wakati wa kukata tiketi. Ukisema ndani ya treni umechelewa, maana mwenye namba yake atakuwa ameshatandika. Na chumba kiwe katikati ya behewa: karibu na choo kutosha kutembea, mbali kutosha kutosikia mlango wake usiku kucha.

Kila mkubwa awe na kitambulisho, na watoto wawe na nakala za vyeti vya kuzaliwa ili umri wao usiwe mjadala dirishani.

Kupanda. Ngazi za behewa ni ndefu, na mama wa magoti haziwezi kwa haraka. Wafike stesheni mapema, wapande kabla ya msukumano. Wachukue kigoda kidogo cha mbao, kile cha jikoni, akanyage hapo kwanza. Kitamsaidia na kushuka Moshi. Wifi amjulishe mhudumu wa behewa tangu mwanzo kwamba kuna mzee anashuka Moshi. Ni watu wema wale, ukiwaambia mapema watakuja kushika mkono.

Usiku dirisha lifungwe kila treni inaposimama stesheni. Mkono wa mwizi unaingia dirishani ukiwa umelala, na simu iliyowekwa kwenye kijimeza ndiyo ya kwanza kwenda. Joto lipo, ndiyo, hasa bondeni kule Ruvu na Wami, kwa hiyo achukue kanga mbili nyepesi na dawa ya mbu ya kupaka. Behewa la chakula lipo, wali na kuku vinapatikana, lakini mtu wa kisukari asitegemee foleni ya wali saa anayotakiwa kula. Afungashiwe chakula chake na maji yake.

Halafu, mwanangu, mwekee kitanda upande wa kulia wa anayekuja Moshi, kama inawezekana. Alfajiri wakiwa maeneo ya Same, milima ya Upare iko upande huo, na kadiri wanavyosogea Kahe, mlima wetu nao unajitokeza. Desemba Kibo inaonekana asubuhi na mapema, jua likipanda mawingu yanaifunika. Mama aliyeshuka Dar kwa reli hii mwaka 1973 anastahili kuamshwa aione. Wifi aambiwe asimwache alale.

Anachokumbuka mama ni sahihi kabisa. Reli ilifika Moshi ikitoka Tanga kabla ya vita ya kwanza ya dunia, Arusha ikafika mwaka 1929, lakini Dar na Moshi hazikuwa zimeungana kwa reli mpaka mwaka 1963 kilipojengwa kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi. Ndiyo maana yeye aliweza kushuka moja kwa moja. Watu wa rika la mama yake iliwabidi wakubali reli ya Tanga au barabara.

Sasa la Arusha: wasije Arusha! Washuke Moshi. Kutoka Moshi kwenda Arusha kwa barabara ni kama kilomita 80, na treni kwa kipande hicho inakwenda polepole zaidi ya gari. Halafu mtairudia njia hiyo hiyo kurudi Moshi, ndipo mwende Himo, Marangu Mtoni, Mwika mpaka Mkuu. Hayo ni mateso ya bure kwa magoti yale. Wewe ndiye upande Coaster asubuhi uje umpokee stesheni Moshi.

Kuhusu kurudi nitaandika baadaye, naona simu inaisha chaji.

---

Mwanachuo Dom

Shikamoo MamaNjoro, umemaliza karibu kila kitu. Mimi niseme la treni ya umeme, kwa sababu jirani wa dada anaweza kumpotosha.

Hiyo treni ya umeme ya reli mpya, SGR, haifiki Moshi wala Arusha. Ilianza kubeba abiria Dar–Morogoro Juni 2024, na Julai mwaka huo ikafika Dodoma. Inayokuja kwenu ni treni ya reli ya zamani, ile nyembamba, iliyorudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Ni treni mbili tofauti, kwa hiyo kaka akienda kuulizia aseme wazi "treni ya Arusha", na aulize hapo hapo wanapandia stesheni gani. Asije akampeleka mama kwenye lile jengo kubwa la SGR siku ya safari na masanduku yote.

Kuna wanaounganisha: SGR mpaka Dodoma, chini ya saa nne, halafu basi la Kondoa–Babati mpaka Arusha. Mimi ndiyo njia yangu, nyumbani ni Usa River na nasoma Dodoma, na siku hizi barabara ile ni lami yote. Kwa kijana anayetaka kukwepa msongamano wa Chalinze na Segera wakati wa sikukuu ni njia nzuri sana. Nauli ya kawaida Dar–Dodoma ilianza kwa shilingi 31,000, na tiketi unakata kwenye simu. Lakini kwa mama hapana. Akishuka Dodoma bado ana basi la siku nzima mbele yake, na tumerudi kwenye miguu iliyokunjwa.

Kaka wa dada, huyo wa tarehe 24, ndiye angeifikiria. Ila akate mapema, safari za karibu na sikukuu zinajaa.

---

Jirani wa Holili

Naongezea kwa wenye ndugu Kenya, maana Krismasi huku mpakani tunapokea wengi. Dada yangu ameolewa Mombasa, anakuja na treni ya Kenya mpaka Voi, halafu anachukua matatu ya Taveta, anavuka Holili kwa miguu, mimi nampokea upande wetu. Njia ni lami tupu kutoka Voi.

Cha kuangalia ni kwamba apande ile ya asubuhi inayosimama vituo vya kati, Voi ikiwemo. Stesheni ya Mombasa iko Miritini na ya Nairobi iko Syokimau, zote nje ya mji, kwa hiyo muda wa kufika stesheni uhesabiwe. Na Desemba ile treni inajaa mapema kuliko ya kwetu, kwa sababu Nairobi yote inataka kwenda baharini. Uzuri ni kwamba anayetoka Mombasa kuja Voi anakwenda kinyume na wimbi. Nafasi anapata.

BintiMkuu, kama kuna shangazi au mjomba upande ule anayekuja kwenye baraka ya nyumba, mwambie asizunguke Namanga.

---

BintiMkuu

Shikamoo MamaNjoro, na asanteni wote. Nimemsomea mama majibu kwa simu. Alipofika pale pa Kahe aliniambia nirudie. Ameniuliza kama baba yako alikuwa na baiskeli nyeusi yenye taa ya dinamo.

Jirani wa Holili, mjomba yupo Mtwapa, nitamwambia leo leo.

Kaka ameenda stesheni. Siku za treni tunazo sasa, na tumekubaliana waje na ile inayotangulia ya mwisho, kama ulivyosema. Chumba kizima tumeshachangishana, hata walioko Mwanza wametuma. Kilichobaki ni kurudi, na mizigo. Wifi anataka kuja na gunia la mchele, ndoo ya mafuta na mabati manne ya banda la ng'ombe. Na kurudi mama hawezi kuondoka Rombo bila mkungu wa ndizi na parachichi.

---

MamaNjoro

Marahaba mwanangu. Mwambie mama baiskeli ilikuwepo, na taa ilikuwepo. Nimekaa chini niliposoma hilo.

Kurudi. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Desemba watu wote wanapanda kuja huku, magari yanarudi Dar hayana watu. Januari ni kinyume chake, wote wanashuka, na wanashuka kwa siku chache tu kabla ya shule. Kila mzazi anakumbuka sare na ada wiki moja. Kwa hiyo kaka yako akiwa pale dirishani akikata ya kuja, aulize ya kurudi hapo hapo. Kama haijafunguliwa, aulize inafunguliwa lini na arudi siku hiyo. Mtu akiwa na tiketi ya kuja bila ya kurudi, kwangu mimi bado hajapanga safari.

Lakini kuna jambo jingine nataka ulifikirie. Mama hasomi shule. Kwa nini arudi na watoto? Wifi na watoto warudi na treni ya kabla ya shule, wakatiwe tiketi zao sasa. Mama aachwe Rombo mpaka baada ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, wimbi likishapita. Atakaa kwenye nyumba yake iliyobarikiwa wiki mbili tatu, atalala, wajukuu wa huko watamzoea. Halafu unamkatia tiketi hapa hapa Moshi, chumba kina nafasi, na mmoja wenu anashuka naye. Ninyi mnaogopa magoti yake njiani, na mna haki. Mimi naogopa zaidi mzee aliyesafiri usiku mzima, akapokea wageni siku tano mfululizo, halafu akageuzwa njiani tena kabla hajapumzika.

Mizigo. Mchele na mafuta haviingii chumbani. Kuna behewa la vifurushi, wanapima kwa kilo na kulipia, mnapewa risiti, mnachukulia Moshi. Waandike jina na "MOSHI" kwa kalamu nene kwenye gunia lenyewe, karatasi iliyobandikwa inabanduka. Mabati nunueni Himo. Bei haitofautiani kiasi cha kuyabeba kutoka Dar, na bati linakata mtu mkono kwenye kupakia.

Ndizi kwa kushuka ni sawa, lakini zikatwe vichana na kufungwa kwenye majani yake makavu ndani ya mfuko wa sandarusi. Mkungu mzima unavunjika, na ndizi zilizogongwa zinaiva zote kabla hazijafika Ruvu. Parachichi zichumwe ngumu. Mshale, ile aina ya ndizi ya kupikia, unasafiri vizuri kuliko ndizi nyingine yoyote, mwambie mama achague huo.

---

Muuguzi Pasua

Naomba niongeze la dawa, kwa sababu mmetaja kisukari. Dada, mama anachoma insulini au anameza vidonge?

---

BintiMkuu

Anachoma, asubuhi na jioni.

---

Muuguzi Pasua

Basi hii ni muhimu. Insulini isiingie kwenye sanduku linalokwenda behewa la vifurushi, wala isiachwe dirishani juani. Iwe kwenye mkoba wa mama mwenyewe. Kichupa ambacho ameshaanza kukitumia kinavumilia joto la kawaida la chumbani kwa wiki kadhaa, asome karatasi ya dawa yake inasema kikomo ni kipi. Vile vya akiba ndivyo vinavyohitaji ubaridi: chupa ya chai ya mdomo mpana yenye maji baridi ndani, dawa ikiwa kwenye kimfuko kisichopitisha maji. Barafu isigusane na dawa. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka haifai tena.

Na asichome halafu akangoja chakula. Treni ikisimama gizani mahali pasipo na kitu, sukari inaweza kushuka. Chakula kiwe mkononi kwanza, ndipo achome. Wifi awe na glukosi au soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari, na ajue dalili: jasho jingi, kutetemeka, kuongea ovyo. Amwonyeshe na yule mtoto wa miaka tisa, watoto wa umri huo wanaona mapema.

Kuhusu miguu, hata akiwa na kitanda asilale tu. Kila baada ya muda asimame koridoni, ainue visigino na kushusha, akishika pale dirishani. Viatu viwe vya wazi, lakini asitembee peku ndani ya behewa. Kidonda cha mguu kwa mtu wa kisukari kinaweza kuanza na msumari mdogo.

---

Mangi wa Kwa Mrombo

Nimesoma yote, nimekubali. MamaNjoro, shikamoo. La miguu sikulitazama hivyo.

Dada, unachohitaji sasa ni gari la kuwatoa stesheni. Kuanzia tarehe 22, Noah za Rombo pale stendi zinajaza mpaka mlango haufungi, na nauli inategemea dereva ameamkaje. Usimpeleke mama stendi kabisa. Kodi gari moja la kuwasubiri stesheni, mkubaliane bei mapema, na mkubaliane pia kwamba treni ikichelewa analipwa muda wa kusubiri, vinginevyo atapata abiria wengine ataondoka. Tafuta gari la chini la kawaida, siyo Noah. Noah inamtaka apande, magoti yatakataa. Gari la chini anakaa kwanza, halafu anaingiza miguu.

---

BintiMkuu

Nashukuru kaka. Binamu yangu yuko Himo, ana gari dogo na siku hiyo atakuwa huru. Nimempa namba ya wifi ili awe anamwuliza yuko stesheni gani, atoke Himo wakishapita Same.

Kaka amerudi kutoka stesheni: chumba tumepata, kitanda cha mama ni cha chini. Upande wa kulia hawakuweza kumhakikishia, wamesema behewa linaweza kugeuzwa. Tiketi za wifi na watoto za Januari atazifuata wiki ijayo dirisha likifunguliwa. Ya mama ya kushuka nimeiacha kwanza. Amesema anataka kuona maharage ya nyuma ya nyumba yamefikia wapi.